Jina la Kanga ya Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni masika yaliyopita tu, kijijini Mzenga alikaa mchoraji wa kanga, Sikudhani binti Kondo Chaurembo. Mwaka uliotangulia alipeleka mchoro wake kiwandani, umechorwa kwa mkono. Ukarudishwa. Kiwanda kilitaka michoro ya kompyuta, itumwe kwa mtandao, na kila mchoro uje na jina lake, maana kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Safari hii mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Sikudhani alikuwa na shilingi laki nne, akiba ya miaka miwili ya kushona. Akamwendea kaka yake, Pazi Kondo, fundi wa kompyuta.

“Kaka, nataka kompyuta mpakato. Ninunue ipi?”

“Ya kuchorea au ya kuringia?”

“Ya kuchorea.”

Pazi akaandika mistari mitatu kwenye karatasi: kumbukumbu ya gigabaiti nane, kioo kisichogeuza rangi ukikitazama kwa pembeni, betri ya kudumu saa tatu. “Umeme wa Mzenga unaujua. Na kwa laki nne huipati. Tafuta laki moja na nusu zaidi.”

“Twende wote basi.”

“Nina kazi. Karatasi inatosha.”

“Haya. Ukinipatia kompyuta ya kunifaa, kanga yangu utaipa jina wewe.”

Akaenda kwa shangazi yake, Zaituni binti Chaurembo. Bibi yule akaingia ndani, akatoka na fundo la leso. Ndani ya fundo mlikuwa na laki moja na nusu, fedha ya sanda yake.

“Shangazi, hii siwezi kuishika.”

“Ishike. Nikifa kesho mtajua wenyewe pa kunisitiri. Ila ununue inayong'aa, watu wakuheshimu.”

Sikudhani akapiga goti. “Shangazi, ukinipatia kompyuta ya kunifaa, kanga yangu utaipa jina wewe.”

Alhamisi asubuhi akafika mjini Kisarawe. Barazani pa duka la kompyuta alikaa fundi viatu, Mihayo Kitundu, Mnyamwezi wa Sikonge. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani: hutukanana, hupokonyana, na anayenuna ndiye mwenye kosa.

“Mzaramo wee! Fedha umepata wapi, umeuza ngoma?”

“Gonga misumari yako, Mnyamwezi! Au ukinipatia kompyuta ya kunifaa, kanga yangu utaipa jina wewe!”

Wakacheka, akaingia dukani.

Muuzaji alimwekea mbili mezani, zote zimewashwa na kuchomekwa ukutani. Moja nyeusi, nene, pembe zimekwaruzika, laki tano na nusu. Nyingine nyekundu, nyembamba, inang'aa, laki tano. Sikudhani akatoa karatasi, akaanza na nyekundu. Kumbukumbu, nane. Kioo hakikugeuza rangi.

“Na betri?”

“Ipo, dada. Ondoa shaka.”

Shangazi alisema ing'ae. Tena nusu laki ingebaki, aanzishe nayo upya akiba ya sanda yake. Akaibeba nyekundu mkono mmoja, kwa mkono wa pili akafungua leso.

Papo hapo Mihayo akaingia, akaipokonya. “Mali ya Mzaramo ni yangu!” Akakimbilia mlangoni, waya ukang'oka ukutani. Kioo kikazima. Muuzaji akatazama miguu yake.

“Nimeiua?” Mihayo akauliza, kicheko kimemkauka.

Sikudhani alikuwa anasoma mstari wa tatu. “Hukuiua. Ilikwisha kufa.” Akaielekezea kidole nyeusi. “Ile, ichomoeni. Nitakaa nayo hapa saa nzima.”

Saa nzima ikawaka. Akatoa fedha hadi noti ya mwisho.

Akachora siku ile, akaamka Ijumaa akachora tena. Saa tatu umeme wa Mzenga ukakatika. Nyeusi ikaendelea. Saa tano na nusu mchoro ulikamilika, isipokuwa nafasi moja nyeupe, ya jina. Na watu watatu walikuwa wamesimama mgongoni kwake kudai ahadi, Mihayo naye kaja kutoka mjini.

“Jina ni langu,” alisema Pazi. “Bila karatasi yangu ungeichomeka tena ile nyekundu, ukailipia. Andika: UZURI WA NJE SI KAZI.”

“Karatasi hainunui kitu,” alisema shangazi. “Wewe ulikaa kwako, mimi nimetoa sanda. Andika: NIMETOA NINGALI HAI.”

“Ulitoa, shangazi,” alisema Pazi. “Na ndiwe uliyetaka inayong'aa!”

“Niwieni radhi,” alisema Mihayo. “Karatasi alikuwa nayo, fedha alikuwa nayo, na bado leso ilikuwa imefunguliwa. Uliomzuia ni mkono huu. Andika: MTANI HANUNIWI.”

“Ulikusudia mzaha tu!” Pazi akamkatiza.

“Na ahadi aliniahidi kwa mzaha. Mzaha kwa mzaha, kosa liko wapi?”

Sikudhani hakugeuka. Hakuna aliyesema uongo. Maneno yale yale aliyatamka mara tatu kwa kinywa chake. Betri ilibaki asilimia nne. Saa sita kasoro dakika saba.

“Mwanangu,” shangazi alisema polepole, “mimi sina kanga nyingine ya kungojea.”

Pazi akakohoa. Mihayo akavua kofia, kisha akaivaa tena. Asilimia tatu. Sikudhani akaweka kidole juu ya herufi.

Ninyi mliosikia yote, semeni upesi, maana betri haingoji: aliyejua, aliyetoa, na aliyepokonya, ni yupi aliyestahili kuipa kanga ile jina?