Punda wa Bi Mize na Kikopo cha Ulezi

Hapo zamani, na zamani yenyewe msiniulize mwaka maana sikuwapo, palikuwa na mji mmoja wa pwani, na ndani ya mji huo mtu na mkewe. Mume ni Msellem, tarishi wa liwali, kazi yake kupeleka barua kwa miguu. Mke ni Bi Mize. Kazi yake? Ukimwuliza mumewe atakujibu neno moja tu: "Anakaa."

"Mimi natembea, mke wangu anakaa nyumbani," alisema kila siku barazani, na wenzake wakaitikia.

Siku moja liwali akaipa nyumba ile punda jike mwenye mimba. Akasema, "Punda huyu ni wa yule anayehangaika zaidi kutwa." Msellem akacheka, akaenda kutafuta tandiko. Bi Mize hakucheka. Kisima kilikuwa bondeni, magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kila alipopanda na mtungi kichwani machozi yalimtoka. Alimtaka punda yule kwa moyo wote. Akawaambia majirani, "Atakayeonyesha kazi yangu kwa kipimo, mwana wa punda ni wake."

Ehe. Akaja Fundi Vuai, mfua shaba. Akafua vikopo viwili vidogo, kila kimoja kina chumba cha juu na chumba cha chini, na ndani yake punje za ulezi. Ukikifunga mguuni, kila hatua punje moja inadondoka chini. Mume akafungwa chake, mke chake, kutwa nzima. Alasiri wakafungua, wakahesabu hadi macho yakawauma. Msellem, elfu tisa. Bi Mize, elfu tatu.

"Si nilisema?" akasema Msellem. "Anakaa."

Maskini Bi Mize. Alitwanga, alikuna, alifua, alikanda, mguu ukiwa palepale, na ulezi haukujua lolote.

Akaja Bi Riziki, kungwi wa mji. Akakishika kikopo, akakigeuza, akamwambia fundi, "Mwanangu, shaba unaijua, mwili huujui. Miaka thelathini nafunza wari kucheza. Anayecheza vizuri hahami hata shibiri." Akakitungia ushanga kikawa kikuku, akakihamishia mkononi, na cha Msellem vilevile.

Siku ya pili, Bi Mize akapata elfu kumi na mbili. Vigelegele mtaa mzima. Wakafungua cha Msellem: elfu kumi na tano. Vigelegele vikakatika katikati. Imekuwaje, na siku ile hapakuwa na barua hata moja? Jamani, bwana alishinda barazani akijipepea kwa kipepeo, na kwa mkono huohuo akisimulia safari zake.

Hapo akasimama Bi Zuwena wa nyumba ya pili. Mnamjua, kila mtaa una wake. "Kesho wafungeni vyote, mguuni na mkononi," akasema. "Mimi nitachungulia uani. Kila punje nitawaambia imedondoka kwa kazi gani. Kuchungulia najua, hilo halina ubishi."

Fundi akafua vikopo viwili zaidi, na siku ya tatu ikawa hivyo. Msellem, kwa kuwa utamu ameshauonja, akarudi barazani na kipepeo chake. Alasiri wote wakaenda kwa liwali. Zuwena akaanza: "Mkono wa Msellem, elfu kumi na sita. Zote kipepeo na porojo." Liwali akaandika. "Bi Mize sasa. Asubuhi mkono umedondosha mia nane, mguu hata moja. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi."

Sasa liwali huyu, ndugu zangu, aliletwa kutoka bara, na kwao minazi haipo. Akaweka kalamu chini.

"Amekaa juu ya mbuzi?"

"Kila siku, bwana. Aliachiwa na bibi yake."

"Na anamstahimili?"

"Mwanamke wa pwani atakosaje kustahimili mbuzi?"

Liwali akatikisa kichwa. "Mwenye mbuzi wa kupanda, punda wa nini?" Akachukua kalamu amwandikie Msellem. Bi Mize akashika ukuta, akaona kilima chote cha kisimani kinamrudia.

Zuwena akatoka mbio, kanga moja huko, moja huku, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi. Akaiweka sakafuni. "Kaa, bwana." Liwali akakaa. Wakamfunga kikopo mkononi, wakampa kizio kimoja cha nazi. Akakuna. Kilemba kikamwangukia usoni, akakuna. Jasho likamlowesha kanzu, na kizio hakijafika nusu. Wakahesabu punje: mia mbili.

"Kumbe huku ndiko kukaa," akasema liwali akihema. Akampa Bi Mize punda.

Punda akazaa. Mwana mmoja tu, masikio marefu, mzuri kupita kiasi. Na wadai wakajaa uani.

Vuai akasema, "Bila kikopo changu mngehesabu nini, maneno?"

Bi Riziki akasema, "Kikopo chako mguuni kilikuwa kinamnyima Bi Mize punda. Mimi ndiye niliyekipeleka penye kazi."

Zuwena akasema, "Na penye kazi kikampa ushindi mwenye kipepeo. Macho yangu ndiyo yaliyotenga kazi na porojo."

Na Msellem, hana haya, akasema, "Na mimi je? Nisingesema anakaa, nani angehangaika kupima?"

Wakamgeukia Bi Mize aamue. Maji yalikuwa yamekwisha kufika, punda ameyaleta. Bi Mize akatandika mkeka kivulini, akanyoosha magoti yake, kikopo bado mkononi. Wakasikiliza. Haikudondoka hata punje moja.

"Mniache," akasema. "Leo ndiyo ninakaa."

Basi ametuachia sisi. Na asiniambie mtu wagawane, punda hagawanyiki. Mwana wa punda yule, je, nani alimstahili?