Mkono wa Kulia wa Baiskeli ya Subilaga

Sogeeni mnisikilize, maana hukumu ya jambo hili itawaangukia ninyi.

Kule Tukuyu walikuwako watu watatu. Subilaga, mchuma chai, alijaliwa kuteremka mlima kwa baiskeli bila woga. Jirani yake Tusekile alijaliwa mapafu. Kwenye kupanda, wenzake walimwona mgongo tu. Na mzee Anyosisye, fundi wa vyerehani mwenye mguu mbovu, alijaliwa vidole vinavyofika macho yasikofika.

Yakatangazwa mashindano ya wanawake, Tukuyu hadi Uyole na kurudi. Zawadi ni baiskeli mpya, moja. Subilaga aliazima baiskeli kuukuu ya mashindano, ile ambayo breki na gia vinaendeshwa na mkono mmoja wa chuma kwenye usukani: ukiuvuta, breki inakamata, ukiusukuma pembeni, gia inabadilika. Wiki ile mkono wa kulia ukagoma. Breki ilikamata, lakini ukiusukuma ulilegea tu, gia haikwenda. Mafundi baiskeli wakamwambia autupe.

Anyosisye hakuwahi kufungua kitu cha namna hiyo. Siku tatu mfululizo alijikongoja hadi kwa Subilaga, akamimina mafuta ya taa, akachokonoa kwa sindano ya cherehani. Ndani grisi ilikuwa imeganda kama lami, imevibana vijino vinavyouvuta waya wa gia. Siku ya tatu mkono ukalia ta, ta, ta. Mzee akaketi chini, akaukanda mguu wake.

Asubuhi ya mashindano, Subilaga akijaribu gia, waya ukakatika humo humo ndani ya mkono. Alikuwa amechoka hata asiweze kulia. Tusekile, naye akiwa mshindani, akailaza baiskeli yake kando ya barabara, akaazima koleo, akaanza kuuchomoa waya wake mwenyewe.

"Unafanya nini, dada?"

"Kupanda napanda," Tusekile akasema. "Kuteremka ndiko kunakonishinda, kila mwaka. Chukua kabla sijaghairi."

Subilaga akauvalisha waya ule, akaondoka na wenzake, Tusekile akabaki. Wakati wa kurudi alifika kileleni akiwa wa nne, miguu imekufa ganzi. Mvua ikashuka. Wenzake, ambao vibadilishia gia vyao vilikuwa chini kwenye bomba la fremu, walilazimika kuachia usukani kila walipotaka kubadili, na katika utelezi ule hawakuthubutu. Vidole vyake yeye havikubanduka. Kwenye kona akavuta, barabara iliponyooka akasukuma, akawapita mmoja mmoja. Alipomaliza wa kwanza, watu walimbeba kumshusha.

Jioni baiskeli mpya ilisimama uani kwake. Ya kuazima ilikwisha kurudi kwa mwenyewe. Ya Tusekile, pale alipoilaza, ilikanyagwa na lori. Mguu wa Anyosisye ulikuwa umevimba kwa zile safari, na wateja wake wako mbali. Kupiga pedali angeweza, kutembea tena hapana.

Subilaga aliwaita wote wawili. Alitamani waidai, apate la kukataa. Hawakuidai. Tusekile alisema aliyeteseka barabarani ndiye mwenyewe. Mzee alisema yeye alisafisha uchafu tu. Kuiuza, hakuna aliyetaka kusikia. Subilaga akaegemea ukuta, akafumba macho, na hadi wanaagana hakuwa ameamua.

Basi mimi nimewafikisha hapo. Baiskeli ni moja, na waliochoka ni watatu. Je, wewe ungempa nani?