Mkono wa Mtu

Leo nina kisa cha kinyozi, ndugu zangu. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake. Nawajua ninyi. Nikitaja jina tu, kabla sijafika mwisho mtakuwa mmeshampata shemeji yake, na shangazi yake, na kosa alilofanya babu yake. Tumwite kinyozi, inatosha.

Alikuwa kinyozi wa sokoni, mtu wa watu. Kibandani kwake palikuwa na kioo kimoja kilichopasuka pembeni na benchi lisilokosa watu, hata wenye vipara walikuja kukaa. Kugombana hakujui. Ukisifia timu yako anakubaliana nawe, akija wa timu ya pili anakubaliana naye pia. Watu walisema, bwana huyu hana neno na mtu, na yeye alipenda sana kusikia hivyo. Mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine mmekaa nao hapa hapa, msigeuke kuwaangalia.

Mwaka huo kuku wakaanza kufa. Kideri, ugonjwa wa siku zote, lakini safari hii ulifagia mabanda. Baadaye mtoto mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na homa Alhamisi jioni, na Jumamosi wakamzika. Mtoto akifa tunalia, tunazika, tunampa mama yake pole na kukaa naye. Lakini kwenye msiba ule mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, na mpaka leo hakuna anayejua alikuwa nani: "Kifo hiki kina mkono wa mtu."

Mnalijua neno hilo. Halina jina ndani yake, halina ushahidi, halina hata mwenyewe. Ukiulizwa umemtaja nani, unajibu, mimi sijamtaja mtu. Lakini kuanzia pale kijiji hakikutulia tena. Watu wakaacha kuombana moto. Mtu akipiga hodi magharibi, wa ndani wanapunguza taa na kunyamaza kama hawapo. Mbwa akibweka, mume anamtazama mke, mke anamtazama mume, na kila mmoja anajiuliza mwenzake anawaza nini. Kina mama waliokuwa wakichota maji huku wanacheka, sasa kila mmoja anachungulia ndoo yake kabla ya kujitwika. Walipochoka kuogopana hivyo, wakakubaliana wamwite mganga wa kutoka mbali, mmoja wa wale wanaozunguka vijijini kusafisha wachawi.

Mganga alikuja na utaratibu wake. Watu wote wakusanyike kiwanja cha mpira cha shule. Anayetajwa anakaa katikati kwenye kigoda. Akikiri, ananyolewa kichwa, anakunywa dawa, anamtaja mwenzake aliyeroga naye, kisha anarudi nyumbani akapike. Akikataa, ananyolewa hivyo hivyo ili ajulikane, nyumba yake inachomwa, naye anafukuzwa. Akaongeza jambo moja, akalirudia mpaka watoto wakalikariri: anayemtetea mchawi, naye ni mchawi. Kisha akauliza, nani hapa ana mkono mwepesi wa wembe? Mnadhani walimsonta nani?

Kinyozi hakupenda. Lakini kukataa mbele ya watu wote, yeye asiye na neno na mtu, angeanzia wapi? Akajiambia, mimi kazi yangu kunyoa tu, kutaja wanataja wao. Na nywele zitaota.

Wa kwanza kutajwa alikuwa mjane mmoja mfinyanzi, jirani yake kinyozi, uani kwa uani. Mama yule alikuwa na ulimi, tusidanganyane. Mbuzi wa mtu akila mchicha wake, kijiji kizima kitasikia habari za mbuzi yule pamoja na ukoo wa mwenye mbuzi. Na siku chache kabla ya msiba aliwahi kurushiana maneno na mama wa yule mtoto, kwa mchicha huo huo. Basi mtu akasema alimwona Alhamisi jioni akipita nyuma ya nyumba yenye mtoto. Mwingine akasema, naam, hata mimi nilimwona. Wa tatu akasema alikuwa amebeba kitu.

Mjane hakulia. Alikaa kwenye kigoda kama anayesubiri zamu yake kliniki, akawaacha wamalize. Kisha akasema, "Alhamisi jioni nilikuwa kwa huyu kinyozi. Mkewe alishikwa na uchungu. Niliingia jua halijazama, nikatoka kumekucha. Mtoto wao nimempokea mimi. Baba yake yuko hapa, muulizeni."

Na ilikuwa kweli tupu. Mama yake kinyozi alikuwa amesafiri kwa binti yake, zahanati iko ng'ambo ya mto na mto umejaa, hapakuwa na mtu mwingine wa kukimbilia ila huyu jirani mwenye ulimi. Mtoto alikuja kitovu kimemzunguka shingoni. Mjane akakitegua kwa vidole, akampuliza, akampiga kofi mgongoni, akampuliza tena mpaka akalia. Kinyozi alikuwa mlangoni kwa magoti, anamwita Mungu kwa kila jina analolijua. Mtoto alipolia, alimshika mjane miguu. Unaweza kusahau siku kama hiyo?

Sasa kijiji kizima kinamtazama, wembe uko mkononi, na kinachotakiwa ni neno moja tu, ndiyo. Lakini akawaza: Nikisema ndiyo, watasema namtetea. Watasema mtoto wangu alipokelewa na mchawi, nani anajua amewekewa nini. Leo huyu, kesho mke wangu kwenye kigoda hiki na kichanga mapajani. Alimwogopea mtoto wake, na mimi simcheki kwa hilo, nami ni mzazi. Kusema hapana hakuweza, maana hapana ingekuwa uongo, na yeye alijihesabu mtu mkweli. Akatafuta njia ya katikati.

"Siku ile nilikuwa nimechanganyikiwa," akasema. "Sikumbuki vizuri nani aliingia na nani alitoka."

Sikumbuki. Hebu litazameni neno hilo lilivyo na adabu. Halimpigi mtu, halimtukani, halimshtaki. Limekaa pembeni tu limefunga mikono, na huku mtu anakufa.

Mganga akaanza kumbembeleza mjane kwa upole. Kiri tu mama yangu, nywele zitaota, utarudi kwenye vyungu vyako. Mjane akafikiri, kwa sababu nyumba ni nyumba, nani asiyependa nyumba yake?

"Nikikiri mtaniuliza niliroga na nani," akasema. "Na mimi sina wa kumtaja. Mtoto yule sikumroga."

Basi kinyozi akamnyoa. Hakumchubua hata mahali pamoja, mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Mjane hakumtazama. Nyumba ikachomwa pamoja na vyungu ambavyo bado vilikuwa vinasubiri kukauka, naye akaondoka kwa miguu na kanga kichwani, wakati mawingu ya masika yanakusanyika tena.

Mnafikiri kijiji kilipata amani? Wapi. Waliofuata walikuwa wameshajifunza. Kila aliyetajwa alikiri haraka haraka na kutaja jina la kwanza lililomjia ulimini: mke mwenza, wifi, jirani aliyemnyima chumvi mwaka juzi. Waliotajwa nao wakataja. Kinyozi akanyoa na kunyoa, hadi kibandani kwake biashara ikafa maana vichwa vya kunyoa vilikuwa vimekwisha. Usingizi ukamkimbia. Akisikia watu wakizungumza njiani alisimama nyuma ya ua asikilize kama ametajwa. Siku ya arobaini ya binti yake ilipofika, ya kumtoa nje na kumnyoa nywele za kuzaliwa, alishika wembe, akauweka, akaushika, akauweka. Mkewe akamnyang'anya mtoto. Alikuwa amemwambia jambo moja tu tangu siku ile ya kigoda, kwamba mtoto huyu anapumua kwa pumzi ya mwanamke uliyesema humkumbuki. Kinyozi akamwambia, nyamaza, watu watasikia.

Mama yake kinyozi akarudi kutoka safari. Akakuta kiwanja cha uani kwa jirani kimebaki majivu, akamuuliza mkwewe, na mkwewe akamweleza yote. Bibi yule hakumgombeza mwanawe. Aliacha tu kula kwake, akawa anapika chakula chake peke yake.

Haikupita wiki, naye akatajwa. Aliyemtaja alikuwa msichana aliyebanwa mno na mganga ataje mwenziwe, akataja bibi wa kwanza kumwona mbele yake. Bibi akaitwa, akakaa kwenye kigoda, akavua kilemba mwenyewe.

Hapo kinyozi akautupa wembe. Akasema mama yake si mchawi, mtoto alipokufa hakuwepo hata kijijini, alikuwa safarini, yeye mwenyewe alimsindikiza hadi stendi, akambebea na mzigo, anaikumbuka siku, anaukumbuka mpaka ule mzigo.

"Kumbe unakumbuka," mama yake akasema.

Bibi akaokota wembe chini, akaupangusa kwa kanga yake, akamwekea mwanawe mkononi.

"Kama unanitetea mimi peke yangu, ninyoe," akasema. "Wale wengine nao walikuwa mama za watu. Anza na jirani. Sema yake kwanza, ndipo useme yangu."

Ndugu zangu, kinyozi alijua kabisa atakachopoteza. Anayemtetea mchawi ni mchawi, na mkewe alikuwa amesimama pale pale na mtoto mgongoni. Lakini safari hii alifungua kinywa. Akasema jirani alikuwa nyumbani kwake Alhamisi ile, usiku kucha. Akasema habari ya kitovu, na ya kupuliza. Akasema, "Nilipowaambia sikumbuki, nilikuwa nakumbuka kila kitu. Niliogopa." Akalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake.

Mama wa yule mtoto aliyekufa akaketi chini kwenye nyasi. Kisha yule msichana akasema, mimi bibi huyu nilimtaja kwa woga tu. Mwanamke mwingine mwenye kipara akasema, na mimi wifi yangu nilimsingizia. Maneno yakaanza kutoka kwa hawa na wale kama maji yaliyotoboa tuta. Mganga hakungoja dua ya kufunga. Alikusanya vibuyu vyake na kuondoka kwa njia ya mkato.

Siku ileile kinyozi na vijana wengine wakatoka kumtafuta mjane, wamrudishe kwa heshima, wamjengee. Walichukua hata chungu kimoja kilichosalimika. Waliuliza kijiji cha pili, wakaambiwa ndiyo, alipita, alikuwa analala kwenye baraza la mashine ya kusaga, mvua zikamnyeshea, kifua kikambana. Wakapelekwa kuonyeshwa. Walichokuta ni kaburi, na udongo wake bado haujashuka.

Kinyozi alisimama pale, na wenzake wakamsikia akisema kwamba hiki sasa ndicho kifo chenye mkono wa mtu. Alikuwa anautazama wa kwake.

Sasa tuje kwetu sisi.

Najua wengi mmekaa hapo mnasema moyoni, afadhali, mimi sijawahi kumtaja mtu. Vizuri. Na kinyozi hakumtaja mtu. Kumwogopa mchawi tunajua sana, mpaka tunafundishana. Ni nani anayetufundisha kuogopa ule ukimya wetu wenyewe? Tunaomba Mungu atulinde na uongo, na huku ukweli tunao, tumeukalia. Tunasema, si jambo langu. Tunasema, nikiongea nitaonekana niko upande wake. Kwani ukionekana uko upande wa mtu asiye na kosa utapungukiwa nini mbele za Mungu?

Tena msidhani nimetoka nyumbani kwangu kuja kuwachekesha kwa habari za kijiji cha mbali. Nafasi ile karibu na dirisha iko wazi. Nimeitazama tangu nilipoingia. Mnajua ni dada yetu yupi hukaa pale, na mnajua kwa nini leo hakuja. Tangu msiba wa juzi nimesikia mambo: alionekana jioni ile mahali fulani, amebeba kitu. Nimesikia kisimani wameanza kumpisha. Wiki ijayo watampisha na mlangoni, na mwezi ujao mtu atakwenda na kiberiti.

Mimi sijui alikuwa wapi jioni ile. Lakini mtu haketi mahali jioni nzima bila kuonekana na yeyote. Alikuwa nyumbani kwa mtu, au njiani na mtu, au shambani na mtu, na mtu huyo huenda yumo humu ndani, anatazama viatu vyake.

Simtaji. Hata ningemjua nisingemtaja. Ila sala ya kufunga sitaiomba bado. Nakaa hapa kwenye kiti changu. Wewe unayejua alikuwa wapi, simama utuambie, na sisi tutakusikiliza.