Sale Lililotangulia Kosa

Mama Aisia, jirani yetu wa mlango wa bluu, anasema methali ya "Sale likitangulia, kosa li njiani" ilianza siku bibi yangu alipomchapa mtu wa kampuni kwa jani usoni, na yule mtu akaanguka palepale mbele ya mwenyekiti, akabebwa. Anaisimulia vizuri, na kila mwaka yule mtu huanguka kwa kishindo kikubwa zaidi. Mmeisikia kwake leo bombani, ndiyo maana mmekuja kuniuliza. Mimi siku ile nilikaa benchi moja na bibi, goti langu likigusana na lake. Hakuna aliyepigwa wala aliyeanguka. Kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Wengine wenu mmezaliwa hapa mjini, kwa hiyo nianze na sale lenyewe. Ni lile jani refu la kijani mnaloliona kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, kule juu mlimani. Kwetu Wachaga, mtu aliyekukosea akikuletea sale, anakuomba msamaha, na hulikatai. Wazee wanaamini kwamba anayekataa sale anaikaribisha laana nyumbani kwake. Na ukishalipokea, kesi imekwisha. Huifufui tena, hata kama moyo bado unauma.

Sasa, nyuma ya nyumba zetu hapa Mferejini palikuwa na ghala la kahawa lililokufa zamani. Kampuni moja ikalinunua lile eneo. Tukasikia wanataka kujenga ghorofa kumi na nane, makazi ya watu wenye uwezo, na juu kabisa bwawa la kuogelea, mtu aogelee huku anautazama mlima. Chini ya ardhi wangechimba sakafu tatu za kuegesha magari. Nyumba zilizopakana na eneo lile zilikuwa mbili tu, yetu na ya mzee wa jirani, Meku Ndetaramo. Kutoka mpaka wao hadi ukuta wetu wa nyuma ni hatua saba. Nilizipima mwenyewe. Ukuta ule ni wa tofali za udongo, marehemu babu alizifyatua kwa mikono yake, na mimi na bibi tulilala chumba cha nyuma.

Aliyetumwa na kampuni kuzungumza na sisi alikuwa kijana wa kwetu, Godlisten Kiwia. Mpole, anaamkia kila mtu, hata watoto. Asubuhi moja nikiwa nafua, nilimwona akiingia kwa Meku Ndetaramo ameshika sale. Akapiga magoti pale kibarazani na suruali yake safi.

"Baba," alisema, "ujenzi ni ujenzi. Kama kuna lolote litakalokukwaza huko mbele, nakuomba unisamehe."

Meku alilipokea kwa mikono miwili. Alifurahi mno. Siku nzima alikuwa akituambia, "Mmeona? Kijana wa mjini, ana digrii, lakini mila anaijua." Bibi alimsikiliza, akaendelea kuchambua maharage. Mimi niliuona mkono wake umesimama kidogo juu ya ungo, kisha ukaendelea.

Siku ya nne ikaja mashine ya kupima udongo. Walisema watatoboa tundu jembamba tu, kujua chini kuna nini. Ilipoanza, maji kwenye sufuria yalitetemeka yenyewe bila moto. Vumbi la chokaa likaanguka kitandani kwetu kama unga. Kuku walitoka uani wote, hawakurudi mpaka mashine ilipozimwa. Nilimwuliza bibi kama tundu jembamba linafanya hivi, shimo la sakafu tatu litafanyaje. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ukuta wetu ulisimama. Wa Meku ulipasuka kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, ufa wa kupitisha vidole. Alikwenda ofisini kwa kampuni amevaa koti lake la kanisani. Alirudi upesi, akakaa kibarazani na koti lile. Alipoamkiwa aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata mtaa ukaitwa mkutanoni, kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti alieleza kwamba kila mwenye pingamizi aseme liandikwe, na kwamba maneno ya nyumba mbili za mpakani yangepewa uzito kuliko yote. Kiwia akabandika picha ya ghorofa ubaoni. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Vioo vitupu, na mlima umejaa ndani ya vioo.

"Mimi nalitaka," alisema Shao, fundi viatu. "Wanangu watapata kazi."

"Kazi gani, ya kufungua geti?" Mama Aisia akamwuliza.

"Geti nalo lina mshahara. Wewe una geti?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema barabara itawekwa lami, mwingine akasema lami itaishia mlangoni kwa matajiri. Mama Aisia akataka kujua, je, hao wa ghorofa ya kumi na nane wakichungulia chini watamwona akioga? Shao akamwambia asiwe na wasiwasi, watafunga mapazia wenyewe.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naitafuta nyumba yetu kwenye ile picha. Niliufuata mpaka, nikauona mfereji wa mtaa wetu, nikahesabu hatua saba kwa macho. Palikuwa na nyasi. Nyasi za kijani, na mwanamke anatembeza mbwa. Nikamnong'oneza bibi. Akaniambia niseme kwa sauti.

Nilisimama. Mimi nimeishia darasa la saba, sijazoea kusema mbele za watu. Nikauliza, "Nyumba yetu iko wapi hapo?"

Kicheko kikaisha. Watu wa nyuma wakasogea mbele kuangalia, kila mmoja akitafuta paa lake.

"Huo ni mchoro tu, dada," Kiwia alisema. "Mchoraji hajawahi kufika huku."

"Mfereji ameujuaje?"

Akatabasamu, akapanga makaratasi yake. Mwenyekiti akaona watu wameanza kunong'ona, akamgeukia Meku Ndetaramo. "Meku, wewe ukuta wako umepasuka, tumeuona wote. Sema, iandikwe."

Meku aliinuka. Alifungua mdomo, na Kiwia, kwa upole uleule, akasema, "Baba, si ulilipokea sale?"

Yule mzee akaufunga mdomo. Kisha akakaa, polepole, akishikilia benchi. Darasa zima lilimwona anavyokaa. Hapo ndipo hofu ilipotuingia hasa. Mashine tulikuwa tumeizoea kidogo. Lakini kumwona mtu mzima ana ufa nyumbani na hawezi kuutaja, hilo hatukuwa tumeliona.

Kiwia akafungua mkoba wake, akatoa sale la pili. Akapita katikati ya mabenchi mpaka kwa bibi, akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Mama," alisema, "na wewe nakuomba. Kwa lolote litakalotokea, unisamehe."

Bibi alimtazama pale chini. Alikuwa mwanamke wa kanisa, lakini sale alilikuta duniani. Hakuwahi kulikataa hata mara moja, hata la mtu aliyemgonga kwa lori na kumuua mwanawe, baba yangu. Nilijua hawezi kulikataa. Kiwia naye alijua. Mkono wake ulikuwa umenyooka, jani halitikisiki.

"Mwanangu, hili ni la kosa gani?" bibi aliuliza.

"La lolote, mama."

"Aliyemuua mwanangu alikuja kwangu akasema, nimemuua mwanao. Ndipo akanipa. Wewe umefanya nini?"

"Bado sijafanya kitu."

Kutoka benchi la mbele, bila kugeuka, Meku Ndetaramo akasema, "Sale likitangulia, kosa li njiani. Langu lilitangulia. Kosa limeshafika, ninalala nalo." Hakumtukana mtu, hakupandisha sauti. Alisema kama anayemwelekeza mtu njia.

Bibi alinyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu, tayari kupokea. Lakini hakuligusa lile jani. Aliiacha mikono hapo, chini yake kidogo.

"Silikatai," alisema. "Nani alisema ninalikataa? Nitalipokea sasa hivi, mbele ya hawa wote. Lakini umesikia alivyosema Meku. Sale likitangulia, kosa li njiani. Basi nitajie kosa lenyewe, mwanangu, na siku litakapofika, nijue nimtoe lini mjukuu wangu mle ndani."

Mwenyekiti alishika kalamu, akingoja kosa litajwe aliandike. Kiwia alilitazama jani, akatutazama, akalirudisha mkobani.