Mabamba Matatu ya Mama Mkwe

Hadithi, hadithi!
*Hadithi njoo!*
Ije na nini?
*Ije na ukweli!*
Na ukiwachoma?
*Utuchome!*

Haya, mmesema wenyewe. Anayetaka ya kuchekesha aende kwa jirani, mimi leo sina. Na wewe unayetafuna miwa pale nyuma, ama utafune taratibu ama utoke.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji cha wachonga vito. Kilimani kwao kulikuwa na shimo, na shimoni kulikuwa na mawe: yaspi nyekundu, nzito, na akiki yenye mistari, mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mmoja wa rangi ya asali. Wanaume walishuka wakakata mabamba, wakayapandisha kwa kamba. Wanawake wakayasugua kwa mchanga na maji, wakasugua, wakasugua, mpaka yakatoka vito vya pete na shanga za maharusi.

Katikati ya shimo palisimama nguzo ya akiki tupu. Ndiyo iliyoshika paa la shimo zima. Wachimbaji waliiita Mama Mkwe. Walisema mlima ni baba mkwe, nguzo ni mama mkwe, na jiwe ndiye binti tunayeozwa. Basi wakaivika kaniki kutoka juu mpaka chini. Kila aliyepita aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama," akapita upande bila kuinua macho. Nanyi mnajua, hakuna mkwe anayemkodolea macho mama mkwe wake. Na aliyemgusa yule wa shimoni aliuawa, tena na ndugu zake mwenyewe.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwako mwanamke jina lake Nakijwa, fundi wa kusugua vito. Mumewe aliitwa Senkondo, na ndugu yake, kaka wa tumbo moja, aliitwa Kihara. Wazazi wao walikufa mapema. Kihara ndiye aliyemlea Nakijwa, akamlisha, akamwoza. Nakijwa alimpenda Kihara kuliko macho yake.

Na Senkondo je? Nakijwa alimpenda pia. Ila Senkondo alikuwa na ugonjwa. Si homa, si tumbo. Ugonjwa wake ulikuwa mabamba. Wenzake walikata wakauza, yeye alikata akaweka. Nyumba ilijaa mabamba, yameegemezwa ukutani mpaka mlangoni. Kila jioni aliyamwagia maji ili mistari itoke vizuri, akachuchumaa mbele yake. Mkewe akisema, "Nipe hili nilichonge," hujibu, "Bado, mke wangu. Bado sijalimaliza kulitazama." Nakijwa alicheka tu. Alisema afadhali huyu kuliko mlevi.

Siku moja Senkondo akaja na bamba la akiki ambalo Nakijwa hakuwahi kuona mfano wake. Lilikuwa na kilima chekundu, na juu ya kilima mstari mweupe, mwembamba, kama njia.
"Umelitoa wapi?"
"Nimeliokota korongoni."
Nakijwa akarudi kwenye mchanga wake, akasugua.

Siku ya pili akaja na bamba jingine. Kilima kile kile, njia ile ile, ila njia imesogea, na pembeni pametokea nukta nyeusi.
"Na hili?"
"Korongoni."

Lakini Nakijwa alikuwa fundi, jamani! Jiwe la korongoni lina ganda, limesuguliwa na maji ya mvua miaka nenda miaka rudi. Akayageuza mabamba, akapapasa kingo zake. Hakuna ganda, na ukingo mmoja umepinda kama wa gogo. Akayapachika moja juu ya jingine, yakakaa sawasawa. Yalikuwa mawe ya nguzo moja, na nguzo ya akiki kilimani kule ilikuwa moja tu.

"Senkondo, umemkata Mama Mkwe."
Mumewe hakukana. Akaketi chini.
"Adhuhuri wenzangu wakipanda kula, mimi husema tumbo linanisumbua, nabaki. Nakata nyuma ya kaniki. Nani ataona, na hakuna anayeinua macho?"
"Paa litaanguka! Kaka yangu yumo mle!"
"Halianguki. Nimebakiza jiwe la kutosha. Tazama, mke wangu. Kila bamba likitoka picha inasogea. Hii nukta ni mtu, anatoka upande huu. Nataka kujua anakwenda wapi. Moja tu, basi."
"Moja tu?"
"Moja tu. Ukisema, wataniua, unajua."

Nakijwa alijua. Akalia, akafuta machozi, akayageuza mabamba yale uso ukutani, akapika ugali. Kihara akaja kula kwao jioni ile, kama desturi yake. Nakijwa akamwambia, "Kaka, nimeota vibaya. Kesho usishuke." Kihara akacheka, akamega tonge. "Ndoto zako hizo ni za shibe, mdogo wangu."

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, Nakijwa akaenda kumwibia kaka yake nyundo, akaitia kisimani. Kihara akatafuta, akatafuta, akaazima ya jirani akashuka. Adhuhuri ile Senkondo akakata bamba la tatu. Njia ilikuwa imefika ukingoni mwa kilima, na ile nukta imekuwa ndefu, ina kitu kama kichwa na kitu kama mguu.
"Ona! Ona! Anatembea!" Senkondo akasema, na machozi yakimlengalenga. "Moja tu, mke wangu. Safari hii kweli moja tu."
Nakijwa alimwona mumewe kama mgeni nyumbani mwake.

Siku ya nne Senkondo akaenda mtoni kutafuta mchanga mkali wa kukatia. Nakijwa akajilaza kitandani, akatuma watu wamwambie Kihara, "Dada yako hajiwezi." Aliwaza: akija nitamng'ang'ania mpaka jua lizame. Na kesho? Kesho angetafuta uongo mwingine. Je, wale wengine tisa wa shimoni? Msiniulize mimi. Hakuwawaza, au aliwawaza akajitia hamnazo. Ndivyo alivyokuwa, na simfichi.

Kihara akaja mbio, jasho linamtoka.
"Pole, mdogo wangu! Unaumwa wapi?"
Kabla hajajibiwa, jicho lake likaangukia ukutani, kwenye yale mabamba matatu, ambayo Senkondo aliyaacha yamepangwa pamoja, uso nje. Kihara alikuwa mchimbaji tangu ujana wake, hakuhitaji kuyapapasa. Akayatazama, akamtazama dada yake aliyelala na khanga mpaka shingoni.
"Nakijwa. Haya ni ya mama?"
Nakijwa akafunika uso.
"Wenzangu wamo ndani," Kihara akasema, akatoka mbio.
"Kaka! Kaka, usiende!" Akamshika shati, likachanika, kipande kikabaki mkononi mwake.

Nakijwa akamfuata bila viatu. Alipofika mdomoni mwa shimo akamkuta Mrutu, mzee mvuta kamba, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Kihara alikwisha shuka. Nakijwa akalala kifudifudi, akatega sikio.

Kule chini Kihara akasema, "Ndugu zangu, tokeni! Mama amekatwa!"
Wakamcheka. "Nani amkate mama? Umelewa?"
Akasema mara ya pili, "Amekatwa kwa nyuma, tokeni!"
Wakasema, "Nyamaza, unamtukana mama."
Basi Kihara akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akaishika kaniki, akaivuta, ikaanguka.
"Mtazameni! Amebaki mwembamba kama paja langu! Mtazameni!"

Mnadhani walimtazama?
*Walimtazama!*
Thubutu! Wanaume tisa wakageukia ukutani, wakafumba macho, wakajifunika kwa mikono. Aibu iliwashika, wakapiga kelele zilizomfikia hata Mrutu huko juu: "Kihara amemvua mama nguo! Mfunike! Mfunike mama, mshenzi wewe!"
"Nawaomba, jicho moja tu! Mmoja wenu atazame!"
"Mfunike!"

Nakijwa alisikia yote. Akafungua kinywa. Angesema, "Anasema kweli! Mume wangu ndiye aliyemkata!" wangetoka, maana sauti ya nje ingewashtua. Akamkumbuka Senkondo. Akafunga kinywa.

Akakifungua tena. Nguzo ikalia, ngrrr, na vumbi likatoka mdomoni mwa shimo likamjaa usoni. Kilima kikakaa chini. Hapakusikika tena sauti ya mtu.

Wanakijiji walichimba siku hiyo, wakachimba ya pili, wakachimba ya tatu. Wakatoa maiti kumi. Wakachimba makaburi tisa.
"Na la Kihara?" Nakijwa akauliza.
Mrutu akatema mate chini. "Kihara alimvua mama nguo, mama akakasirika akawaua wote. Nilisikia kwa masikio yangu. Huyo tutamtupa porini, fisi wamle."
Nanzia, mke wa Kihara, alikuwa ameketi peke yake kando ya maiti. Wajane wenzake walikuwa wamemsogelea kumpiga, yeye anafukuza nzi kwa upindo wa khanga.

Hapo Nakijwa akasimama.
"Kihara hakuua mtu. Alishuka kuwaokoa. Aliyemkata mama ni mume wangu, Senkondo. Mabamba yako ndani kwangu, nendeni mkayaone."
Wakaenda, wakayaona. Senkondo alikuwa amechuchumaa mbele yake, na mtungi wa maji mkononi. Hakukimbia wala hakubisha. Ndugu zake wakamfanyia ilivyo sheria, na jua halikuzama akiwa hai.

Kihara akachimbiwa kaburi la kumi, katikati ya wenzake. Mrutu mwenyewe alishika jembe, analia.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Nanzia akamwendea Nakijwa. Hakumpigia kelele.
"Wifi, ulijua tangu lini?"
Nakijwa akatazama chini.
"Tangu jioni ile nilipomwambia kaka nimeota vibaya."
Nanzia akahesabu kwa vidole, kidole kwa kidole.
"Jioni ile mume wangu alikula kwako," akasema. "Ulimnawisha mikono."
Akachukua jembe lake, akaenda zake.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa chungu, si mimi niliyeitia shubiri. Nimeipokea hivyo, nanyi nimewapa hivyo. Inukeni sasa, kila mtu kwake.
*Tumeinuka!*