Viazi Vikuu vya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, chini ya ardhi, aliishi fuko mmoja mzee, jina lake Bi Mize. Fuko mnamjua. Kazi yake kuchimba, macho yake hayaoni kitu, dunia anaijua kwa kuigusa. Bi Mize alikuwa amechimba mpaka kucha zimekwisha. Alichobaki nacho ni akiba: chumba kizima cha viazi vikuu alivyokusanya alipokuwa na nguvu. Kiangazi ardhi hukauka ikawa jiwe, na kikongwe hawezi kuchimba jiwe. Bila viazi vile, angekufa njaa.

Watoto wake walikwisha kutangulia. Walibaki wajukuu wawili. Mwanasha aliolewa mbali, ng'ambo ya bonde. Machano alikaa na bibi yake. Akimletea maji, akimkuna mgongo, akimpigia soga. Bibi akamkabidhi chumba cha akiba, na ukoo mzima ukasema Bi Mize kapata mjukuu.

Sasa sikilizeni mila ya mafuko. Akiba hupapaswa, haiinuliwi. Kuinua kiazi kabla ya kiangazi ni mwiko, ni kuiita njaa. Basi kila jioni Bi Mize alijikokota mpaka chumbani. Papasa, papasa, papasa. Hiki kipo. Hiki kipo. Na hiki kipo. Anarudi kulala.

Masika yakapita. Mwanasha akaja kumjulia bibi yake hali. Akamshika mkono: mfupa. Akamshika bega: mfupa. Na bibi anatafuna nini? Mizizi mikavu, kwaru, kwaru. Akamkumbatia Machano. Tumbo ndii, shavu limejaa, pumzi inanuka kiazi.

Akamuuliza taratibu, mbona bibi kakonda hivi? Machano akacheka. Akasema ni uzee, dada, na uzee hauna dawa. Akasema bibi mwenyewe ndiye anayejinyima, anaitunza akiba yake. Kisha akasema, kwa upole, kwamba anayekuja mara moja kwa mwaka asimfundishe anayelala hapa kila siku. Maneno hayo yalimchoma Mwanasha, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Lakini mfupa ni mfupa. Mwanasha akawaita wazee wa ukoo, akawaambia anashuku akiba ya bibi inaliwa. Wazee wakaingia chumbani, papasa, papasa. Viazi vyote vipo. Wakatoka nje ya chumba, wakamgeukia Mwanasha. Wakamuuliza kama haoni haya kumpaka matope mwenziwe. Mwanasha akaomba kiinuliwe kiazi kimoja tu. Lo, zikaanza kelele za mwiko, mwiko! Mkubwa wao, Mzee Shaame, akawanyamazisha.

"Kitainuliwa," akasema. "Lakini kikiwa kizito, umevunja mwiko na umemsingizia ndugu yako. Tutakutoa juu sasa hivi, jua la utosi, mwewe akuone."

Na mwewe akimwona fuko juani hamkosi. Wewe unayecheka hapo, ungekubali? Mwanasha akawafikiria watoto wake kule ng'ambo. Akaligusa tena bega la bibi yake, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Kiinueni," akasema.

Machano akaenda kusimama mlangoni, akauziba kwa tumbo lake. Akasema hakuna atakayemwitia bibi yake njaa yeye akiwa hai. Wazee wakanong'onezana kwamba kijana ana uchungu na bibi yake, hakuna haja ya kuinua kiazi, na wawili kati yao wakamshika Mwanasha mikono, tayari kumtoa.

Halafu, buru, buru, buru. Bi Mize huyo, anajikokota kuelekea mlangoni.

"Nipishe, Machano."

"Bibi, ni mwiko."

"Nipishe, baba."

Akampisha. Bi Mize akapapasa, akakipata kiazi kikubwa kuliko vyote. Akakiinua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, yule kikongwe! Akakiachia. Ko! Kama kibuyu. Udongo ukabanduka, wazee wakaingia wakapapasa, tundu lipo kwa chini. Machano alikuwa anatoboa kwa chini, anakula nyama ya kiazi, anaziba kwa udongo, anaacha ganda limdanganye mzee. Bi Mize akainua kingine. Ko! Na kingine. Ko! Chumba kizima ni maganda.

Machano akaanguka chini analia. Akasema alionja kimoja tu, akakusudia kurudisha, kisha akashindwa kujizuia. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wamegundua kwamba Bi Mize hakushtuka.

"Bibi, ulijua?" Mwanasha akauliza.

"Nilijua tangu masika. Pua yangu haijazeeka."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, angeondoka. Akiondoka, nani ataniletea maji? Nani ataniuliza nimeamkaje? Nyinyi mlikuwa wapi? Njaa yangu niliweza kuivumilia. Wewe kuliwa na mwewe kwa ajili yangu, hilo sikuliweza."

Wale wazee wawili wakamwachia Mwanasha mikono. Mwanasha alilia mpaka kifua kikamuuma.

Kiangazi kikaja. Kila nyumba ikamletea Bi Mize kiazi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa aibu, na kiazi cha aibu nacho kinashibisha. Machano alinyang'anywa chumba. Akawa anachimba ardhi ngumu kutwa nzima ili alipe. Mwanasha akahamia kwa bibi na watoto wake wote, na kikongwe akavuka salama. Lakini kila alipopewa chakula, kabla hajatia kitu mdomoni, Bi Mize aliuliza, "Machano amekula?"

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Aliyeaminiwa na mzee akala amana yake, anaila roho ya mzee. Na aliyemtupia mtu mmoja mzigo wa kumtunza mzee wake, yeye akakaa mbali, naye ana sehemu yake katika wizi huo.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina la kuongeza.