Kaburi Lililokaa Upogo

Kisa hiki kimenifikia asubuhi hii, nami sikutaka kilale kwangu peke yangu. Kisomeni taratibu hadi mwisho, kisha mpitishieni yule ndugu yenu mnayemjua kwa ubishi. Kila ukoo unaye mmoja.

Katika mji mmoja wa bara, mbali kabisa na pwani, palikuwa na msikiti wa zamani uliojengwa na mtu aitwaye Mwinyimvua. Mtu huyo alitoka pwani kwa miguu, akiuza nguo na chumvi. Akaupenda mji, akaoa, akakaa. Msikiti aliujenga kwa mikono yake mwenyewe, akawafundisha watu dini, nao wakamwita Mwalimu. Alipokufa wakamzika ubavuni mwa msikiti wake.

Sasa hapo kwenye kaburi ndipo palipokuwa na maneno. Mnajua Muislamu akifa hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa hiyo makaburi yote ya uwanja ule yalikingama mbele ya kibla, sambamba na ukuta wa mbele wa msikiti, yamenyooka kama mistari ya swala. La Mwinyimvua peke yake lilikaa upogo. Yaani mtu aliyewafundisha watu kibla, kaburi lake mwenyewe limekwenda kombo!

Mjukuu wake, Shehe Twalibu, ndiye aliyekuwa imamu, na kaburi lile lilimchoma moyo tangu utotoni. Watoto wa madrasa wakimwona mwenzao hakukaa vizuri safuni walimcheka: "Umekaa kama kaburi la Mwalimu!" Shehe alijifanya hakusikia, lakini alisikia sana. Ukoo ulikuwa na maelezo yake. Walisema mzee alikwenda Hija uzeeni, akarudi na akili zimemruka kidogo, na alipokuwa akikata roho alishikilia kaburi lake lichimbwe vile. Waliogopa kuuvunja wosia, wakachimba hivyo hivyo, wakaona haya hadi leo.

Ukafika wakati msikiti ukachoka. Kuta zikapasuka, paa likavuja. Watu wakajikusuru, wakachanga, wakaamua kuubomoa na kujenga mpya uwanjani hapo hapo. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Bwana Kondo, mtu wa sauti kubwa na haraka nyingi, aliwasimamia mafundi wakavuta kamba za msingi kuufuata ukuta wa zamani. Zege lilikuwa limwagwe wiki ile ile.

Shehe naye alimwita fundi pembeni. "Ukimaliza msingi, yang'oe yale mawe ya kaburi la babu, uyapange upya yanyooke na mengine. Aibu hii nataka iishe mikononi mwangu."

"Hilo dogo, Shehe," fundi akasema.

Ndipo alipokuja Zuwena. Huyu Zuwena alikuwa mpima ardhi, lakini kabla ya kuwa mpima ardhi alikuwa mwanafunzi wa Shehe Twalibu. Qur'ani aliihitimu miguuni pake. Kamati ilimwomba apime mipaka ya kiwanja, akaja na vyombo vyake, akapima mipaka, halafu akaziangalia zile kamba za msingi. Akaziangalia tena. Akaenda moja kwa moja kibarazani kwa Shehe.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza?"

"Mipaka nimemaliza. Lakini Shehe wangu, kibla cha msikiti hakiko sawa. Na hizi kamba zinakwenda kulirudia kosa lile lile."

Bwana Kondo, aliyekuwa ameketi hapo na kikombe cha kahawa, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Haya! Leo kibla, kesho atatuambia idadi ya rakaa nayo imekosewa! Binti, sisi tuna Qur'ani. Hayo mavyombo yako kapimie mashamba."

Zuwena alimgeukia mwalimu wake. 

"Eleza," Shehe akasema, na sauti yake haikuwa na urafiki.

"Shehe, kule pwani alikotoka babu, Makka iko kaskazini kabisa. Naye alisafiri wiki nyingi akielekea machweo, akafika hapa, akajenga msikiti kama ule wa kwao. Lakini ukihama nyumba, mlango wa jirani haubaki upande ule ule uliouzoea. Kwetu huku Makka iko kaskazini, kisha inasogea upande wa mashariki. Babu aliuleta upande wa kwao."

Shehe alihisi damu inampanda. Babu yake! Mtu aliyeleta shahada katika mji huu, leo anakosolewa na msichana aliyemfundisha mwenyewe alifu na be!

"Unataka kuniambia watu wote hawa wamesali bure miaka yote? Wazee wetu waliolala pale nje wamelazwa bure?"

"Astaghfirullah, sijasema hivyo," Zuwena akasema, na machozi yalianza kumlengalenga, ila sauti haikutetereka. "Waliosali wamesali kwa walichokijua, na Mwenyezi Mungu ndiye mpokeaji. Mimi nazungumza juu ya sisi ambao sasa tunajua. Shehe, kila mwaka unawafundisha watoto kisa cha wale Waislamu wa mwanzo. Walikuwa wamo ndani ya swala wanaelekea Baytul Maqdis, akaja mtu akawaambia kibla kimegeuzwa, wakageuka hapo hapo wakiwa ndani ya swala. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba hawakumuuliza: na zile swala zetu za jana?"

Bwana Kondo akashughulika kujipangusa kanzu. 

Shehe Twalibu alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mtu wa kuwadhulumu watu majibu. "Vyombo vyako mimi sivijui," akasema hatimaye. "Siwezi kuwageuza watu kwa kitu nisichokijua."

"Basi tuviache. Tuchukue ulichonifundisha wewe, Shehe. Ile aya inayotutaka tukitazame kivuli jinsi kinavyotandazwa, na jua likafanywa kiongozi wake. Na ile inayosema jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu."

"Nazijua. Zimefanyaje?"

"Hesabu ile ndiyo niliyokwenda kuisomea. Kuna siku mbili katika mwaka, adhuhuri ya Makka jua husimama juu ya Al-Kaaba sawasawa, hata Al-Kaaba yenyewe haiachi kivuli. Saa hiyo, mtu yeyote anayeliona jua, popote alipo, akilielekea ameielekea Al-Kaaba. Moja ya siku hizo ni kesho. Simamisha mti juani, uangalie kivuli chake. Hutanihitaji mimi."

"Na nikikuta umekosea, utanyamaza?"

"Nitanyamaza, na matofali nitabeba. Na wewe Shehe, ukikuta sijakosea?"

Shehe alichukua bakora yake akaingia ndani. Usiku ule usingizi ulimpaa. Aliogopa, tusifichane. Aliogopa kwamba kesho kivuli cha mti kingemvunjia babu yake heshima mbele ya mji mzima, naye ndiye angekuwa shahidi.

Siku ya pili watu walijaa uwanjani kama wamekuja harusini. Wengine walikuja kumcheka Zuwena, wengine walikuja kwa sababu wengine wamekuja. Uwanja wote ulikuwa umejaa mchanga, kokoto na marundo ya matofali. Sehemu pekee iliyokuwa wazi, isiyo na kivuli cha mti wala cha ukuta, ilikuwa kando ya kaburi la Mwinyimvua.

"Usimamisheni pale," Shehe akaamuru. "Mti naushika mimi."

Fundi akamletea mti mrefu ulionyooka, Shehe akausimamisha mwenyewe, upande wa kaburi unaotazama kaskazini. Fundi akauning'inizia timazi, uzi wenye jiwe, kuhakikisha mti haukulala upande wowote. Zuwena alisimama mbali, mikono nyuma, ili mtu asije akasema ameugusa. Akatazama saa yake, akangoja, kisha akasema, "Sasa, Shehe."

Shehe Twalibu akateremsha macho.

Kivuli kilianzia miguuni pake, kikaenda juu ya kaburi la babu yake, kikalikata katikati. Alipotazama ukuta wa msikiti aliona kivuli kimeukimbia ukuta waziwazi, hata mtoto angeona. Makaburi mengine yote yalikuwa kombo kwa kivuli kile. Lakini lile la babu yake, lile la kuchekwa, lilikingamana na kivuli kwa kona kamili, bila kukosea hata kidogo.

"Fundi," akaita. "Lete kile chuma chako cha kupimia kona."

Fundi akapiga magoti, akaweka upande mmoja wa chuma kwenye mawe ya kaburi na upande wa pili kwenye kivuli. Akainua uso taratibu. "Lahaula! Shehe, imekaa barabara. Mimi mwenyewe nisingeipanga hivi."

Watu wakasogea. Hakuna aliyecheka tena.

Shehe Twalibu alikumbuka jambo ambalo alilibeba tangu utoto bila kujua kwamba amelibeba. Alimwona babu yake, amerudi Hija, ameketi uani adhuhuri kwenye jua kali, bakora yake ameichomeka ardhini mbele yake. Yeye, mtoto, alitumwa ampelekee maji na amwombe aingie kivulini. Mzee alikataa kuingia. Alionyesha kidole kivuli cha bakora, akasema, "Angalia, mjukuu wangu. Niliwakosesha njia. Nimewaambia wakubwa zako, wananiambia Hija imeniunguza kichwa." Kisha akanywa maji, akaendelea kutazama.

Kumbe mzee hakurukwa na akili! Huko alikokwenda alikutana na wenye elimu, akajifunza, akarudi kujipima mwenyewe. Akajikuta amekosea, akasema. Watu wakamheshimu sana kiasi cha kukataa kumsikiliza. Kuta zikamshinda, kwa sababu alikuwa mzee na hakuwa na wa kumsaidia. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyima, nacho ni jinsi ya kulazwa. Akauelekeza uso wake kibla kwa kaburi lake.

Na wao wakaliita la aibu. Na yeye, Twalibu, juzi tu alikuwa amemwagiza fundi alinyooshe.

Shehe akaketi chini mchangani pale pale, akalia mbele za watu bila kujificha. "Babu, nisamehe," alisema. "Ulisema. Sisi ndio hatukutaka kusikia."

Bwana Kondo akajisogeza, safari hii kwa sauti ya chini. "Shehe, lakini mafundi wamekwisha kuchimba upande mmoja. Wageni wa kuzindua msingi wamealikwa. Na huu msikiti ni kumbukumbu ya Mwalimu. Tukiugeuza, si tutakuwa tumemkana?"

Shehe akainuka, akakung'uta kanzu. Alikwenda kwenye msingi, akakishika kigingi cha kwanza kilichofungiwa kamba, akaking'oa. Akaenda kwenye cha pili, akaking'oa nacho. Hakumwomba mtu amsaidie.

"Kondo," akasema akiwa bado ameinama, "kumkana tulimkana siku ile tuliposema amerukwa na akili. Leo namfuata." Kisha akainua kichwa na kuita, "Zuwena! Njoo na hayo mavyombo yako, mwanangu. Vuta kamba kutoka kwenye kaburi la babu, msingi ulifuate hilo."

"Na matofali, Shehe?" Zuwena akauliza, akijifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Tulipatana nikikosea nibebe."

"Hukukosea. Nitabeba mimi."

Naye akabeba kweli, mzee yule, hata mafundi wakamnyang'anya matofali kwa nguvu.

Alasiri ilipoingia walisali ndani ya msikiti wa zamani, ambao ulikuwa bado haujabomolewa. Mikeka ilitandikwa upogo, safu zikaenda kombo na kuta, kona moja ikabaki tupu na kona ya pili watu wakabanana. Bwana Kondo alinung'unika kwamba hajapata kusali amepigana bega na dirisha. Lakini alipoona imamu amegeuka, naye aligeuka, akaitikia amina kwa ile sauti yake kubwa.

Mawe ya kaburi la Mwinyimvua hayakuguswa. Msikiti mpya umesimama sambamba nalo hadi leo, na watoto wa madrasa siku hizi wakimwona mwenzao amekaa vizuri safuni humwambia, "Umekaa kama kaburi la Mwalimu."

Funzo: Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuelekea kibla, na ametupa jua, kivuli na akili ya kuhesabu ili tujue wapi pa kuelekea. Ukiona mtu anakiogopa kipimo, ujue anayatetea mazoea yake, wala si Kitabu chake.